Raha ya Mkono

Mwaka 1986 niliandika makala gazetini kuhusu picha za Tingatinga. Nilikuwa kijana wa miaka 31, mkaguzi wa hesabu mchana na mwandishi wa mambo ya utamaduni usiku, na kama vijana wengi tuliosoma wakati ule, nilijiona nina wajibu wa kuwaeleza wenzangu kipi ni sanaa na kipi si sanaa. Nilisema picha zile ni biashara. Nilisema chui yule yule huchorwa mara mia, akauzwa kwa mgeni anayepanda ndege kesho yake, na kwamba ndani yake hamna fikra wala uchungu wa mtu. Nililipenda sana neno hilo, uchungu. Niliamini kuwa pasipo uchungu hapana sanaa.

Makala hiyo ninayo mpaka leo, imegeuka rangi ya chai. Nimeisoma tena wiki hii ili nisije nikajipendelea katika kuisimulia. Sentensi zimenyooka na lugha si mbaya. Ila mwandishi wake hakuwa amewahi kushika brashi.

Aliyeisoma kwa makini kuliko wote alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Alikuwa fundi wa kupiga rangi magari katika gereji moja ya Gerezani. Jioni, akisha kuoga na kula, alikaa barazani kwake Magomeni akachora. Hakufundishwa na mtu. Alikuwa amepita Morogoro Stores, kule Oyster Bay, akasimama kuwatazama vijana wakichora nje ya maduka, kisha akarudi nyumbani na kipande cha hadibodi na mabaki ya rangi. Picha zake nyingi aligawa, chache aliuza. Kila nilipowatembelea alinionyesha aliyokuwa nayo mkononi, na nilipokuwa nikiitazama picha, yeye alinitazama mimi.

Makala ilipotoka alinipongeza. "Shemeji, umeandika vizuri," alisema, wala hakuwa akinidhihaki. Kisha, tulipokwisha kunywa chai, akauliza, "Lakini mtu akilipwa acheze ngoma, miguu yake haichezi?"

Sikumjibu la maana. Nilicheka, naye akacheka. Tangu siku hiyo hakunionyesha tena picha hata moja. Aliendelea kuchora, dada aliniambia. Akisikia nimefika aliugeuza ubao ukatazama ukuta, tukazungumza habari za mpira.

Alifariki mwaka 2009. Mimi nilistaafu mwaka 2015, na mwezi ule ule dada akanipa sanduku lake la mbao lenye makopo saba ya rangi. "Chukua kabla hazijakauka zote," aliniambia, "hapa nyumbani hakuna wa kuzitumia." Makopo manne yalikuwa yamekwisha kuwa mawe. Katika matatu, nyeusi, nyeupe na nyekundu, ukiitoboa ngozi iliyoganda juu, rangi ya chini ilikuwa bado hai. Mkaguzi wa hesabu hapendi kitu kipotee bure. Nilinunua hadibodi ili nizimalize rangi za marehemu, na sababu nyingine sikuwa nayo.

Hapo ndipo nilipoanza kumwelewa Edward Saidi Tingatinga, nikiwa nimekwisha kuandika juu yake miaka 29 kabla.

Habari za maisha yake zinajulikana. Alizaliwa mwaka 1932 huko Tunduru, kusini kabisa mwa nchi yetu. Alikwenda Tanga kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, kisha akaja Dar es Salaam, ambako alifanya kazi mbalimbali, mojawapo ikiwa ya kutunza bustani. Mnamo mwaka 1968 alianza kuchora. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi usiku, wakidhani ni mhalifu, akafa. Basi picha zake zote, pamoja na jina ambalo sasa ni jina la mtindo mzima wa uchoraji, zilitoka katika muda wa miaka minne hivi. (Watoto wetu ukiwatajia tingatinga hufikiri mtambo wa kuchimba barabara. Siwalaumu, ndilo linalopita mbele ya nyumba zao.)

Nimeona kwamba wengi wanaoandika juu yake huanza na risasi. Mimi mwenyewe, kama ningeijua habari hiyo vizuri mwaka 1986, ningeanza nayo, maana ningeupata uchungu wangu. Lakini kifo kile hakimo katika picha zake. Alipokuwa anachora hakujua kitakuja. Kuutafuta msiba wake katika macho ya chui ni kuipachikia kazi ya mtu jambo asiloliweka, na pia ni kukataa kuona alichokiweka.

Alichokiweka nakisema kwa kuanza na ubao. Hadibodi huuzwa kwa karatasi ya futi 8 kwa 4. Ukiikata bila kupoteza hata kipande, unapata miraba 8 ya futi 2 kwa 2, na picha nyingi za Tingatinga ni za kipimo hicho hicho, sentimita 60 hivi kila upande. Nilipoligundua hilo nilifurahi kama mtu aliyeona hesabu imekubali. Basi mchoraji ana mraba. Mnyama je? Chui ni mrefu, hana umbo la mraba. Twiga ndiyo usiseme. Katika picha za Tingatinga ninazozijua, mnyama mmoja hulijaza eneo lote, na hulijaza kwa kupindwa: kiwiliwili kinaonekana ubavu, uso umegeuzwa ututazame sisi, mkia umeinuliwa ukarudi mgongoni kuijaza kona ambayo ingebaki tupu. Nyuma hakuna mlima wala kijiji, ni rangi moja iliyotulia. Nilipokuwa kijana niliuita uchoraji huo wa kitoto. Nilipojaribu kumwingiza pundamilia wangu wa kwanza katika mraba, kichwa chake kilitoka nje ya ubao, na wa pili nilimfupisha hata mjukuu wangu akauliza, "Babu, hii meza mbona ina mkia?" Yule mtunza bustani alikuwa analikabili fumbo la mraba kila siku na kulifumbua kila siku kwa njia nyingine, na ukiutazama ule mkia unaorudi unamwona akilifumbua. Hiyo ndiyo raha ninayoisema. Kuchekacheka kwa simba, ambako wageni hukupenda, ni jambo jingine.

Ya pili ni rangi yenyewe. Tingatinga na wanafunzi wake walitumia rangi ya mafuta inayong'aa, ile ya kupakia baiskeli, kwa kuwa ndiyo iliyopatikana madukani na kwa kuwa ilikuwa rahisi. Rangi hii ina tabia zake. Haikauki upesi, hapa Dar es Salaam, wakati wa mvua, unaweza kungoja siku nzima na zaidi. Ukiweka nyeupe juu ya nyeusi mbichi, unapata matope. Mbu akitua amekwisha, naye amekuharibia anga. Kwa hiyo huwezi kuchora kwa pupa. Unapaka ardhi ya picha, unaacha. Kesho unamweka mnyama mzima kama kivuli cha rangi moja, unaacha. Keshokutwa unakuja na macho, kucha, madoa. Kule kungoja nilikudhani ni adha, kumbe ni nusu ya raha. Mchana nilikuwa katika foleni ya benki nikiwaza kucha za chui.

Nukta ndizo zenye raha kuliko vyote, na hapa naomba msomaji anivumilie. Nukta nzuri haichorwi, huwekwa. Unachovya ncha ya kijiti, unagusa ubao, unainua. Rangi ikiwa nyepesi mno inatambaa. Ikiwa nzito mno inafanya mkia kama kiluwiluwi. Ikiwa sawasawa inasimama, duara, imetuna kidogo, inang'aa. Ya kwanza inakupa hofu. Ya kumi inakupa imani. Ikifika ya mia hujui tena kwamba unahesabu, wala husikii redio, na mke wako akikuita kula unajibu "nakuja" na hauji. Miaka 35 nilifanya kazi ya kalamu na vitabu vya hesabu, na nilikuwa mkaguzi mzuri, lakini mkono wangu ulikuwa mtumwa tu wa kupeleka tarakimu. Sikujua kwamba mkono nao una raha yake usiyomshirikisha mwenyewe.

Jambo hili lisieleweke vibaya. Raha haitoshi. Picha zangu mbovu nimezichora kwa furaha kubwa sana, pengine kubwa kuliko nzuri. Mtu akinionyesha kazi yake na kuniambia "niliifurahia," amenieleza habari zake. Kazi bado sijaiona. Ninachodai ni kidogo zaidi: ipo raha ambayo huacha alama, na alama hizo zinaweza kutazamwa na kuhukumiwa kama tunavyohukumu vina na mizani. Tazama mahali pasipolazimu. Mnunuzi amelipia tembo. Yule ndege mdogo juu ya tawi ameletwa na nini? Tazama madoa: je, yanafuata mwili, yakawa madogo mguuni na mapana mgongoni, au yamemwagwa sawasawa kama mbegu kwa mashine?

Maana zipo picha zilizokufa, nami sitazificha. Baada ya Tingatinga kufariki, ndugu na wanafunzi wake, kina January Linda, Adeusi na Omari Amonde, waliendelea, na mwaka 1990 kikundi kikawa chama cha ushirika. Mtindo ukapanuka. Vikaja vijiji, masoko, mashetani, Mlima Kilimanjaro, ndege mia wamesongamana hata huoni pa kupumzisha jicho. Baadhi ni kazi za watu hodari kuliko mwalimu wao kwa ustadi wa brashi. Lakini kwenye maduka ya uwanja wa ndege na pembezoni mwa fukwe utaona twiga watatu na jua linalotua, twiga watatu na jua linalotua, madoa yote kipimo kimoja, na unajua mkono uliyapita ukiwa mahali pengine. Kwa hiyo sikuwa nimekosea yote mwaka 1986. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba urudiaji ndio unaoua. Mama anayesuka ukili hurudia mkunjo ule ule tangu asubuhi hadi adhuhuri, na hakuna aliyemwambia mkeka wake hauna nafsi. Mimi mwenyewe nimechora kanga kumi na wanne, na wa kumi na mbili ndiye aliye hai kuliko wote. Kwa nini yeye, sielewi. Naye pundamilia wangu wa tano alikuwa maiti tangu mstari wa kwanza, kwa sababu nilikwisha kumwahidi mtu na nilitaka kumaliza.

Wala pesa siyo iliyoua. Tingatinga alichora auze. Alikuwa na nyumba ya kulisha, na inasimuliwa kwamba alianza baada ya kuona picha kutoka Kongo zikiuzwa mjini na kusema moyoni kwamba hata yeye anaweza. Sisi tuliosoma tuliipokea kutoka mbali ile imani kwamba msanii wa kweli huchora kwa njaa na mateso, na anayeuza barabarani ni mchuuzi. Shemeji alilijibu jambo lote kwa swali la miguu, kabla chai haijapoa.

Sasa nifanye nilichopaswa kufanya mwaka 1986, yaani niziseme picha zake. Dada anazo kumi na moja. Nimezitazama moja moja, mchana, nje, nikizigeuza juani. Sitamsifu kwa kuwa amefariki. Naona hiyo ingekuwa dharau nyingine.

Kwanza, ardhi zake ni bora kuliko za wachoraji wengi niliowaona Oyster Bay. Alikuwa fundi wa magari, naye aliuchukulia ubao kama mlango wa Peugeot. Alipiga msasa kwa maji, akapaka, akapiga tena, akapaka. Ile nyekundu yake ya udongo haina alama ya brashi. Ukiinama unajiona usoni mwake. Juu ya ardhi kama hiyo mnyama yeyote huonekana amefika kutoka mbali.

Pili, miguu ilimshinda. Ng'ombe wake wanaelea. Swala wake wanasimama kama watu waliovaa viatu vya kuazima. Aliijua kasoro hiyo, kwa sababu kuanzia picha ya nne nyasi zinaanza kuota, na kufikia ya saba nyasi zimefika magotini mwa kila mnyama. Nilicheka nilipogundua, na nilitamani awepo nimtanie. Ni udhaifu, lakini tazama alivyozichora zile nyasi: kila unyasi kwa mpigo mmoja wa brashi, kutoka chini kwenda juu, mnene mwanzo na mwembamba mwisho. Alikwenda kuficha aibu akakuta mchezo.

Tatu, chui wake hatishi. Hakuwahi kumwona chui. Sioni kama hilo ni kosa. Henri Rousseau, karani wa ushuru wa mji wa Paris, naye hakufundishwa, alichora misitu ya nchi za joto yenye chui na simba pasipo kutoka nje ya Ufaransa. Misitu yake aliipata katika bustani ya mimea ya mjini, na leo picha hizo zinatunzwa katika majumba makubwa ya sanaa. Asiyemwona mnyama analazimika kumbuni, na katika kubuni anafuata kile kinachoupendeza mkono. Ila chui wa Rousseau yumo kazini, anawinda. Chui wa shemeji yangu ameketi kama mgeni aliyekaribishwa barazani, mkia ameukunja, anangoja chai. Kama ningetakiwa kuchagua picha moja tu kati ya zile kumi na moja, ningemchukua huyo. Ana masikio mawili yasiyolingana, na lile kubwa limezungushiwa mstari mwembamba wa njano ambao hauna kazi yoyote. Mstari huo ungemchukua nusu saa, kwa brashi ya nywele chache, baada ya kutwa ya moshi wa gereji. Sikuwahi kuuona akiwa hai, kwa sababu picha ilikuwa imetazama ukuta.

Ya kumi na mbili haikukamilika. Ilikuwa chini kabisa ya sanduku, imefungwa katika gazeti. Ni kanga mmoja, mweusi, juu ya ardhi ile nyekundu, shingo ya buluu imekamilika, jicho limekamilika. Nukta nyeupe zimeanzia mgongoni zikashuka hadi katikati ya ubavu, zikakoma. Kutoka hapo hadi mkiani ni weusi mtupu. Nimezihesabu, ni tabia ya kazi: zipo 212. Hakuna mbili zilizogusana.

Dada alinitaka niimalizie. "Rangi yake unayo, kazi umeijua," aliniambia, "unamwacha ndege wa watu nusu uchi kwa nini?" Nilikaa nayo mezani kama miezi miwili. Asubuhi moja nikaichanganya nyeupe yake, ile ile ya kopo lake, nikachonga kijiti, nikafanya majaribio kwenye kipande cha ubao hadi mkono ukatulia. Kisha nikaweka nukta tatu, nikifuata mstari pale alipoachia.

Nilisimama, nikarudi nyuma hatua mbili. Rangi ni ile ile na kipimo ni kile kile, lakini tatu zangu unaziona kutoka mlangoni. Zimenyooka. Zake zilikuwa zinateremka ubavuni kwa kupinda kidogo, kama mtu anayeshuka mteremko huku akipiga mluzi, nami nilikuwa nimezipanga kama tarakimu katika safu.

Sikuzifuta. Picha nimeirudisha kwa dada, naye ameitundika sebuleni juu ya televisheni. Wageni wakiuliza kwa nini kanga hakumaliziwa, huwaonyesha kwa kidole: hizi ni za mwenyewe, na hizi tatu ni za shemeji yake.